Somo la Kamba ya Makumbi

Walimu wenzangu vijana,

Siku ile mliponiandalia chai na mandazi ya kuniaga, mliniomba niandike namna tulivyokuwa tukifundisha lile somo ambalo watoto wa shule hii wameliita tangu zamani "Kimetoka Wapi". Nikasema nitaandika kurasa mbili. Zimekuwa zaidi, na sina hakika kama zitawafaa. Mimi si msomi. Nilimaliza darasa la nane na miaka miwili ya chuo cha ualimu, na insha zangu mwenyewe zilikuwa zikirudi zimejaa wino mwekundu. Yasomeni haya kama maelezo ya fundi mzee kuhusu msumeno wake, pamoja na mahali ulipomkata.

Nilifika Likoni miaka michache kabla ya uhuru, nimetoka Rabai na sanduku la mbao na viatu vilivyonibana. Shule ilikuwa na madarasa manne, kuta za udongo, na paa la makuti lililovuja juu ya meza ya mwalimu, si juu ya wanafunzi, jambo ambalo wao waliliona ni haki. Mimi ni Mrabai na Mkristo. Wanafunzi karibu wote walikuwa Wadigo, Waislamu, watoto wa wakulima wa minazi na wa wanaume waliovuka kila asubuhi kwenda bandarini. Hakuna aliyenidharau kwa hilo. Nalisema mapema kwa sababu kwa hayo yatakayofuata mtu anaweza kudhani nilikuwa mgeni asiyetakiwa. Sikuwa. Nilikuwa mgeni aliyekaribishwa vizuri mno, hata akadhani ameshaijua nyumba.

Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Bakari, mzee mfupi wa Mtongwe, mwenye sauti ya chini na tabia ya kusafisha miwani yake kila alipotaka kusema jambo la kuudhi. Siku yangu ya kwanza hakunipa kitabu. Alinipa kibiriti.

"Kafundishe hiki," akasema. "Dakika arobaini."

Nikaingia darasani, nikakiinua, nikauliza ni nini. Kibiriti. Kinatoka wapi? Dukani. Vizuri sana. Nikawa nimemaliza, na zimebaki dakika thelathini na saba. Nikawaimbisha.

Alasiri Mwalimu Bakari akavua miwani. "Nimesikia nyimbo. Nzuri. Lakini, mwalimu, kibiriti hiki kilizaliwa dukani?"

"La, mwalimu."

"Basi kesho kirudishe nyuma. Mwenye duka kakipata kwa nani, na huyo kakipata kwa nani, mpaka ufike kwenye mti uliokatwa. Na kila unapofika kwa mtu, uliza: huyu hapa anafanya kazi gani? Na siku asipokuja, nani atajua?"

Hayo ya mwisho sikuyaandika katika daftari langu la maandalizi. Niliona ni maneno ya kumalizia tu. Daftari lile ninalo mpaka leo; nimelitafuta juzi nikaangalia. Hayamo.

Basi tukaanza kurudisha vitu nyuma. Tulirudisha sukari, tukarudisha mafuta ya taa, tukarudisha shati la Athumani, mcheshi wa darasa, mpaka pamba, naye akilalamika kwamba tukifika kwenye mbegu atabaki uchi. Tulijenga duka kwenye pembe ya darasa kwa mikebe mitupu. Kila mkebe ulikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa majina ya waliougusa kabla haujafika kwetu. Mikebe iliibiwa yote muhula mmoja, nadhani na wapishi wa halua. Hata hilo tulilifanya somo.

Kisha tukaingia katika kununua kwa niaba ya wengine, ambako ni kazi nyingine kabisa. Mtu akijinunulia kitu kibovu hujilaumu mwenyewe. Akiwanunulia wenzake kitu kibovu, wanamlaumu wote arobaini. Darasa la nne lilihitaji mtungi wa maji. Sikuwanunulia. Niliwagawa makundi: hawa waandike tunataka mtungi wa namna gani, hawa waende kwa wauzaji watatu, hawa walinganishe, na Athumani awe mpokeaji. Mtungi ukaja. Athumani akatia sahihi yenye mikia miwili, na asubuhi yake tukakuta darasa limelowa. Tukaenda na mtungi wetu kwa mfinyanzi, mama mmoja mpole. Akautazama ufa, akamtazama Athumani.

"Mwanangu, ulipoupokea ulitia nini?"

"Sahihi, mama."

"Siku nyingine tia maji."

Alitupa mwingine, ingawa hakulazimika. Tangu hapo, hapana kitu kilichopokelewa katika darasa langu bila kujaribiwa kwanza: chaki iliandika, ufagio ulifagia, kengele ililia.

Katika zoezi hilo la mtungi ndipo nilipoanza kumjua Saumu. Alikuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, mmoja wa wasichana watano wa darasa la nne, mwembamba, asiyesema sana. Wenzake walipokuwa wakiandika barua ya kuagiza, aliinua mkono akauliza: kifuniko ni sehemu ya mtungi, au tukiagize peke yake? Sikujua. Tulikiagiza peke yake, na ikawa sawa, kwa sababu mtungi ulikuja bila kifuniko. Mwalimu Bakari alisema huyu atakuwa msichana wa kwanza wa shule yetu kufanya mtihani wa kwenda shule ya kati. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwao kuzungumza na mama yake, Bi Mejumaa, mjane aliyemlea Saumu peke yake. Bi Mejumaa alimjibu, "Mwalimu, maadamu mimi nina kazi yangu, huyu atasoma." Mwalimu Bakari akarudi amefurahi, na hakusafisha miwani siku nzima.

Kazi ya Bi Mejumaa ilikuwa kamba.

Mmezaliwa wakati wa kamba za plastiki, kwa hiyo nieleze. Wanawake wa upande wetu walichukua makumbi, yale maganda ya nazi, wakayafukia katika matope ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Kila mwanamke na shimo lake. Wakayalaza humo miezi mingi chini ya mawe mpaka yalainike. Kisha huyafukua, huyapiga kwa rungu mpaka zibaki nyuzi, huziosha, huzianika, na kuzisokota kwa viganja. Kila Jumatano Bi Mejumaa alipita nyumba kwa nyumba akikusanya mabunda ya kamba, na Alhamisi akayavusha kwa feri kwa mkokoteni mpaka kwenye ghala la tajiri mmoja upande wa kisiwani. Alikuwa hajui kusoma herufi zetu, ila kila bunda alilijua la nani.

Nikaona: hapa ndipo penye somo langu kubwa. Kitu kinachoanzia nyuma ya shule na kuishia melini, na watoto wanaweza kukifuata kwa miguu. Tukakifuata wiki tatu. Tulikwenda kwenye hori tukazama matopeni, tukapiga makumbi wenyewe mpaka malengelenge. Tukakaa na wasokotaji. Nikaunganisha karatasi za mifuko ya saruji, nikatundika chati ndefu ukutani, kamba ya kweli imepita juu yake kwa misumari, na kila kituo kina kadi yake: shimo, rungu, msokotaji, mkusanyaji, feri, ghala, meli. Watoto walichora. Nilijivuna sana na chati ile. Nilimwandikia karani wa ghala kumwalika aje kuona tukimaliza, akakubali. Jina lake Bwana Rashidi. Niseme kwa haki: alikuwa mtu mstaarabu, alikuja na penseli kwa kila mtoto, na hakuja kupeleleza. Alikuja kwa sababu nilimwita.

Siku moja kabla, nilimwambia Saumu, "Kesho niletee bunda moja kutoka kwenu, tulitumie. Nitakurudishia baada ya somo." Akaitika, "Abee, mwalimu." Asubuhi ya Alhamisi akaleta bunda zuri, lililosokotwa sawasawa, limefungwa kitambaa cheupe kwenye ncha. Nikadhani ni pambo.

Tulifanya mchezo uwanjani. Watoto sita walisimama mstari, kila mmoja kituo chake, na bunda likapita mkono kwa mkono kutoka shimoni mpaka melini. Saumu alisimama mahali pa mama yake. Mahali pa ghala nilimsimamisha Bwana Rashidi mwenyewe, na watoto wakacheka kumwona katika mstari. Alilipokea lile bunda, akalipima kwa mkono, akasema, "Kamba nzuri hii," akalipitisha.

Kisha ikaja sehemu niliyofundishwa chuoni. Unamtoa mmoja, unaona kama kitu bado kitafika. Nilimtoa wa shimo. Halikufika. Nikamrudisha, nikamtoa wa rungu.

"Kamba ya makumbi mabichi!" Athumani akasema. "Meli itazama."

Nikamtoa msokotaji, halikufika. Nikamtoa Saumu.

Msokotaji akapiga hatua mbili, mtoto wa feri akapiga hatua moja, na bunda likapita. Likafika melini upesi kuliko mara ya kwanza. Watoto wakapiga makofi. Nami, nikijua kwamba Mwalimu Bakari anatutazama kutoka mlangoni na mgeni anasikiliza, nikasema kwa sauti yangu ya ukaguzi: "Mnaona? Safari ya bidhaa ikiwa fupi, ni bora."

Saumu alikuwa amesimama pembeni, mikono bado imekunjuka kama ya mtu anayepokea. Akainua mmoja.

"Mwalimu, na wale waliokaa eda?"

Sikuelewa swali. Ningeweza kusema sielewi. Lakini kengele ilikuwa karibu, sentensi yangu ilikuwa nzuri, na sikutaka iharibike.

"Hilo halimo katika somo la leo. Keti."

Tulikuwa uwanjani. Hapakuwa na mahali pa kuketi. Aliketi chini, mchangani.

Baada ya somo nilirudi darasani, nikang'oa kadi ya mkusanyaji kutoka kwenye chati na kuivuta kamba iwe moja kwa moja, ili wanaopita waone hitimisho. Bunda nikaliweka ndani ya sanduku la vifaa. Nilikuwa nimeahidi kulirudisha. Nilisahau. Saumu hakuliuliza.

Haukupita mwezi, mkokoteni wa ghala ukaanza kuja wenyewe mpaka kwenye hori kila Alhamisi, na Bwana Rashidi akipokea kamba papo hapo. Nataka kusema kweli yote. Wanawake wengi walifurahi, na walikuwa na sababu. Hawakungoja tena, na mwenye bunda kubwa alionekana kwa bunda lake. Msokotaji mmoja alinisimamisha njiani akanishukuru. Alikuwa amesikia kwamba jambo lile lilianzia shuleni. Mimi nikapokea shukrani zake.

Bi Mejumaa alikuja shuleni siku moja baada ya masomo, na mtandio wake mweusi, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha mara ya pili.

"Mwalimu, hujambo. Sikuja kwa ugomvi."

"Karibu, mama. Keti."

Hakuketi. Alikuwa akitazama ukutani. "Hii ndiyo ile wanayoisema? Mimi nilikuwa wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Kadi haikuwepo. Palikuwa na matundu mawili ya misumari kwenye karatasi ya saruji, na kamba imepita juu yake. Akatia kidole kwenye tundu moja.

"Kumbe nilikuwa mdogo hivi," akasema, na akacheka kidogo, cheko la adabu.

Ndipo akanieleza, taratibu, kama anayemweleza mtoto wa mtu mwingine. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki. Shimo lake la makumbi hubaki horini, halina kufuli wala ukuta. Yeye mwenyewe alipofiwa, Saumu akiwa mchanga, makumbi yake ya miezi minane yalifukuliwa na watu, akatoka eda akakuta maji. Ndiyo sababu akaanza kazi ile. Alilinda mashimo ya wafiwa. Makumbi yakiiva aliyafukua, akayapiga, akawapelekea nyuzi ndani wasokote huko huko waliko, na kamba zao akazivusha kabla ya za wengine. Na si wafiwa tu. Alifanya hivyo kwa wagonjwa, na kwa aliyejifungua mpaka arobaini yake ipite. Kukusanya na kubeba ndiko kulikoonekana kwa macho, na ndiko kulikomlipa. Hayo mengine alikuwa akiyafanya humo humo.

"Sasa mkokoteni unakuja Alhamisi," akasema. "Aliyeko horini anapokewa. Aliyeko ndani hapokewi. Wiki hii shimo la Bi Fatuma limefukuliwa, na eda yake haijafika nusu. Mimi sina sababu tena ya kukaa pale kutwa nzima. Nitakula nini?"

Nikasema nitaiondoa chati. Nikasema nitakwenda kwa karani.

"Nenda, mwalimu. Lakini wameshazoea." Akautengeneza mtandio. "Na huenda kosa ni langu pia. Bunda la huyo huyo Bi Fatuma lilinipotea, wiki ile ya mgeni wenu. Sijui ni ndani ya feri, sijui ni wapi. Halijanipotea bunda maisha yangu."

Nilimwambia asijilaumu. Sanduku la vifaa lilikuwa chini ya meza yangu, karibu na mguu wangu. Wallahi sikuunganisha. Naapa kwa kiapo cha wenyeji wangu kwa sababu ndicho ambacho wangekiamini. Bunda lile kwangu lilikuwa kifaa cha kufundishia, na bunda lake lilikuwa lililopotea. Katika kichwa changu yalikuwa mawili.

Mwisho akasema alichojia. Anahamia Mjambere, Kisauni, kwa kaka yake mwenye shamba la muhogo na minazi. Saumu anakwenda naye. Ilikuwa imebaki miezi miwili mtihani ufike.

"Kule shule iko mbali, na mke wa kaka yangu ana watoto wanne wadogo," akasema. "Huulizi, mwalimu, lakini nakuona unataka kuuliza. Hatasoma."

Nilivuka nikaenda ghalani. Bwana Rashidi alinipa kiti. Nilimuuliza kama ni somo langu lililomfanya afikirie. Alifunga daftari lake kwanza, ndipo akajibu.

"Sijui, mwalimu. Tajiri alikuwa ameshalisema jambo hilo zamani, mara moja au mbili. Mimi nilikuwa sijaliona kwa macho. Pale uwanjani nililiona. Halafu wiki ile ile mzigo ukaja umepungua bunda moja, tajiri akasema, unaona, mikono ni mingi mno njiani. Yakashikana."

"Na wanawake waliokaa ndani?"

"Hilo nimelisikia sasa kwako." Alikwenda kumwambia tajiri wake, mlango ukiwa wazi, nilimsikia akisema vizuri, pengine vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi. Jibu nililisikia pia. Tajiri alisema yeye ananunua kamba.

Nilimweleza Mwalimu Bakari yote. Alivua miwani, akaisafisha, akairudisha machoni, akarudi kwenye madaftari yake. Ningependa angesema.

Siku ya mtihani orodha iliitwa. Jina la Saumu lilikuwa limeshapelekwa, kwa hiyo likaitwa, na Athumani, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akasema tu, "Hayupo." Athumani alifaulu. Alistahili, alifanya bidii sana mwaka ule.

Niliendelea kufundisha. Chati niliichoma. Mchezo wa mstari sikuucheza tena muhula mzima, kisha nikaucheza kwa namna nyingine: nilipomtoa mtoto, yeye ndiye aliyesema kwanza, kabla ya yeyote kupiga makofi. Aeleze ni nini kitakachokosekana asipokuwepo, hata kama ni kitu kisichopita katika mstari. Somo likawa refu, halina hitimisho zuri, na mkaguzi mmoja aliandika kwamba mwalimu hadhibiti wakati. Aliandika kweli.

Mwaka wa uhuru tuliambiwa kila shule isimamishe mlingoti wa bendera. Mlingoti tuliupata, kamba ya kupandishia ndiyo iliyokosekana. Nilikuwa mwalimu mwenye dhamana ya vifaa wakati ule, kwa hiyo nikaingia stoo kutafuta, na katika sanduku langu la zamani, chini ya mikebe na mizani ya mbao, nikalikuta bunda. Kamba ilikuwa nzima. Kitambaa kimekuwa rangi ya chai.

Nilikaa juu ya lile sanduku. Wiki ya mgeni. Bunda moja lililopungua. Nilikumbuka mikono iliyolishika mstarini, na mmoja wake ulikuwa wa Bwana Rashidi, aliyesema kamba nzuri hii.

Bendera ilipandishwa kwa kamba ya dukani. Watoto waliimba vizuri, nami niliimba. Sitaki mfikiri sikufurahi siku ile. Jumamosi iliyofuata nikalifunga bunda katika gazeti, nikavuka feri, nikapita kisiwani, nikavuka daraja la Nyali, nikaenda Mjambere nikiuliza nyumba kwa nyumba.

Saumu alikuwa uani akimenya muhogo, mtoto mgongoni. Alinitambua kabla sijasema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Mama alifariki. Mwaka jana, baada ya mfungo." Alinivutia kigoda. "Alikuwa akikutaja. Hakukutaja kwa ubaya."

Tulikaa. Nilifungua gazeti. Hakushangaa. Alikishika kile kitambaa kwa vidole viwili.

"Hili ni la Bi Fatuma," akasema. "Mabunda ya waliokaa eda mama aliyafunga hivi, ili asiyachanganye, ayafikishe mwanzo. Siku ile mengine yote yalikuwa yameshapakiwa mkokotenini. Hili ndilo lililobaki ndani, amelitenga. Nikalichukua. Nilijua utanirudishia kabla ya adhuhuri."

"Mbona hukuniuliza?"

Alimenya muhogo mpaka mwisho ndipo akajibu. "Uliniambia niketi."

Nilitaka kuomba radhi, na nadhani niliomba, sikumbuki kwa maneno gani. Yalikuwa machache na hayakuwa mazuri. Aliniambia mama yake alilitafuta lile bunda mpaka kwa watu wa feri. Yeye Saumu alikuwa akimwona akilitafuta, na hakuthubutu kusema lilipo. Mwisho mama alisokota jingine kwa nyuzi zake mwenyewe, akampelekea Bi Fatuma, kisha ndipo wakahama.

"Bado mnacheza ule mchezo?" akaniuliza.

"Bado. Lakini anayetolewa ndiye anayesema kwanza."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa mtungi na anautazama kabla ya kutia maji. "Vizuri," akasema. Mtoto akaamka, akamtoa mgongoni. "Hili mrudishie mwenyewe, mwalimu. Yuko Likoni kule kule."

Bi Fatuma nilimkuta kibarazani siku ya pili, mzee sasa, macho yamefifia. Nilimweleza tangu mwanzo mpaka mwisho, sikuficha. Alilipapasa bunda, akainusa kamba, akakigusa kitambaa.

"Mkono ni wangu," akasema. "Lakini hii si yangu."

"Ni yako, mama. Saumu kanihakikishia."

"Mejumaa alinipa badali yake. Aliiweka hapa hapa, na akaniomba samahani. Mimi nimeshapokea, siwezi kupokea mara mbili. Hili ni la Mejumaa. Mpelekee."

"Bi Mejumaa amefariki, mama."

"Najua. Nilikwenda mazikoni." Akanirudishia bunda mikononi, akanikunjia vidole juu yake. "Hilo si jambo langu mimi. Mpelekee."

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na mingi ilikuwa mizuri. Ya mwisho mnaijua, mlikuwepo. Sina la kuwashauri juu ya kulinganisha wauzaji au kuandika barua ya kuagiza ambalo hamlijui kuliko mimi. Nanyi sasa mna vitabu vyenye picha. Bunda nimeliacha kwenye kabati la darasa la nne, rafu ya juu. Nimejaribu miaka hii yote kujua ni la nani, nimeshindwa. Msifungie kitu kwa kamba hiyo, na kitambaa msikifungue. Litumieni katika mstari, lipite mkono kwa mkono. Na mtoto yeyote akiinua mkono kuuliza jambo ambalo hamkulitayarisha, hata kengele ikiwa inalia, mwacheni amalize, akiwa amesimama.